Nkambo Alipozikwa kwa Wajomba

Kilima alichozaliwa mama yangu hakipo tena. Sisemi kwamba kimebadilika au kimejengwa nyumba juu yake. Hakipo. Mahali kilipokuwa pana shimo lenye kingo za udongo mwekundu zinazoshuka kama ngazi, na chini kabisa kuna maji ya kijani. Mama alikuwa msichana mdogo Kampuni ya migodi ilipokifikia na mashine zake, na watu wa kijiji wakaambiwa wahamie ng'ambo ya mto Musonoi, kwenye bonde ambako zamani walikuwa wakienda kutega samaki tu. Walihama na kuku wao, vinu vyao, na milango ya nyumba zao wakiibeba vichwani.

Kwetu, kilima chenye shaba unakitambua ukiwa mbali. Msitu hukipanda mpaka kiunoni, kisha miti inakatika ghafla, na juu panabaki nyasi fupi na maua madogo ya buluu, kwa sababu udongo wenye shaba huchoma mizizi. Kilima cha watu wa mama kilikuwa na kichwa kitupu cha namna hiyo. Babu zake walikuwa wakikichimba juu juu wakati wa kiangazi na kuyeyusha mawe katika tanuru za udongo wa kichuguu. Mvua zikianza waliacha, wakarudi mashambani. Hakuna aliyefikiri kwamba kilima kizima kinaweza kuondoka.

Nkambo, yaani bibi yangu mzaa baba, alikuwa amefika miaka mingi kabla ya hapo, kwa treni, kutoka Kasai. Babu alikuwa ameletwa na Kampuni kuchimba migodi mingine, na alipopewa nyumba ya tofali kambini aliomba aletewe mke. Nkambo alisimulia kwamba alishuka Kolwezi katika mwezi wa sita, na asubuhi yake ya kwanza alitoka nje akakuta nyasi za bondeni zimekuwa nyeupe. Alidhani kuna mtu amemwaga unga usiku. Alikwenda kuuokota kwa vidole, kumbe ni barafu ya alfajiri, ukayeyuka, vidole vikamuuma kwa baridi, naye akaketi chini akalia. Hapakuwa na michikichi, hapakuwa na mawese mapya, hapakuwa na mtu wa kwao isipokuwa mume aliyekuwa chini ya ardhi mchana kutwa. Alipotusimulia sisi wajukuu alikuwa anacheka, lakini alicheka huku akisugua vidole.

Baba alizaliwa kambini. Kasai hakuijua. Alikua, akaingia Kampuni kama baba yake, wakamweka kwenye pampu. Shimo la mgodi lina chemchemi zake, na pampu zisipofanya kazi maji hupanda, kwa hiyo kulikuwa na watu ambao kazi yao yote ilikuwa kuyazuia yasipande. Mama alikuja kambini akiwa na beseni la samaki wa Musonoi kichwani. Baba alinunua samaki wiki baada ya wiki hata kama nyumbani walikuwepo wengine, mpaka Nkambo akamuuliza kama ameamua kufuga paka.

Ndoa ile ilikuwa na maneno. Kwa watu wa mama, mtoto ni wa tumbo lililomzaa: ukoo wake ni wa mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Kwa watu wa Nkambo, mtoto ni wa baba. Sisi watoto tulikuwa wa pande zote mbili, kila upande kwa sheria yake, na nyumbani hilo lilikuwa jambo la utani. Tukifanya vizuri shuleni, Nkambo alisema damu ya Kasai imeonekana. Tukivunja sahani, alisema, "Peleka hawa batoto kwa bajomba yabo."

Mama na Nkambo walilima pamoja katika dembo. Dembo ni bonde refu la nyasi, halina miti, na maji hukaa chini ya udongo wake hata kiangazi kikiwa kikali. Waliinua matuta wakapanda viazi vitamu, kabichi, na maharage. Mwanzoni hawakuwa na lugha ya pamoja ila Kiswahili cha kambi, na nadhani walikijua vizuri zaidi kwa sababu ya yale matuta kuliko kwa sababu nyingine yoyote. Nilikuwa nikiwasikia kwa mbali nikirudi shuleni, wakibishana juu ya mfereji.

Kisha mambo yakaanza kulegea, na hayakulegea yote kwa siku moja. Posho ya unga ilichelewa, halafu ikaja nusu, halafu haikuja. Mgodi mmoja wa chini uliporomoka. Hospitali ilikuwa na madaktari bila dawa. Baba alikuwa akirudi kutoka shimoni akiwa kimya, akiosha mikono muda mrefu. Vipuri havikuwepo, pampu ikifa waliifungua ili kuponya nyingine. Redio nayo ilianza kusema kwa sauti ambayo hatukuizoea. Ilisema kuna wenye nchi na kuna wageni, na kwamba wageni, yaani watu wa Kasai, ndio walioila Kampuni. Sokoni nilisikia kwa mara ya kwanza tukiitwa *bilulu*, wadudu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilimuuliza mama kama na yeye ni mdudu. Alinijibu nimalize kumenya mihogo.

Siku yenyewe ilikuwa ya kiangazi, angavu. Baba alikwenda kazini asubuhi, akarudi kabla jua halijawa kali. Mama alikuwa amekaa barazani akichagua maharage.

"Juu ya nini umerudia?" mama aliuliza.

"Banatufukuza. Banasema ba Kasai bote batoke." Baba alikaa chini kwenye kizingiti, kofia yake ya kazi ikiwa bado kichwani. "Chef wa kazi alinipatia mukono. Alikuwa analia."

"Na pampu?"

"Moja tu njo inatembea. Mi shiyue nani atabakia nayo."

Mchana jirani yetu alikuja kwa mlango wa nyuma. Alikuwa mwanamke aliyemsaidia mama kumzaa mdogo wangu, na vyungu vyake na vyetu vilikuwa vimechanganyika miaka mingi. Hakuingia ndani. Alisimama akishika ukuta.

"Mama," alisema, "mi shina neno na mweye. Lakini mutoto wangu iko mu bile bijana bya kufukuza batu. Batakuya leo. Mutoke mbele bafike."

Hatukupata muda wa kutoka. Walikuja wakiimba, vijana wa kambi ileile, wengine tulisoma nao. Walikuwa na fimbo na mapanga, na matawi ya majani wamejifunga kichwani. Hawakumpiga mtu nyumbani kwetu. Walitoa vitu nje kimoja kimoja kwa utaratibu, kama watu wanaosaidia kuhama: kitanda, redio, cherehani ya Nkambo. Halafu walianza kung'oa mlango. Aliyekuwa mbele yao alimgeukia mama.

"Mama, weye unaweza kubakia. Weye ni wa hapa."

"Na batoto?"

"Batoto ni ba baba yabo. Baende naye."

"Kwetu mutoto ni wa tumbo," mama alisema. "Weye pia ni wa hapa. Unajua vile."

Kijana alicheka, lakini alitazama chini. "Ile ni maneno ya zamani, mama."

Mama alimfunga mdogo wangu mgongoni, akachukua sufuria moja na mkeka, akamshika Nkambo mkono. Baba alibeba godoro. Mimi nilipewa maharage, kwa sababu mama alikuwa hajamaliza kuyachagua na hakutaka kuyaacha. Tulitembea kwenda stesheni katikati ya barabara, na watu tuliowajua walikuwa wamesimama pembeni. Wengine walizomea. Wengi walinyamaza. Ule unyamavu ndio ninaousikia mpaka leo.

Stesheni ilikuwa imejaa. Watu walilala kwenye jukwaa, chini ya mabehewa mabovu, kando ya reli mpaka kwenye nyasi, na walioshindwa kupata nafasi walikwenda kukaa madarasani katika shule ya jirani. Kila mtu alikuwa anangoja treni ya kwenda Kasai, na hakuna aliyejua itakuja lini. Wanawake walipika kwa kuni za masanduku yao wenyewe. Maji tulichota kwenye bomba moja. Baada ya wiki chache watoto walianza kuharisha, halafu wazee, na watu wa Msalaba Mwekundu walipita na chumvi ya kunywa na maji lakini haikutosha.

Mjomba alikuja kwa baiskeli siku ya Jumapili. Alikuwa kaka mkubwa wa mama, mtu mrefu, mkali kidogo, ambaye tulimwogopa tangu utotoni. Aliegemeza baiskeli, akatusalimu sote, akampa Nkambo heshima yake kwa kupiga makofi taratibu kama inavyotakiwa. Kisha akamwambia mama:

"Nimekuya kukuchukua. Weye na batoto."

"Na bwana yangu, yaya?" mama aliuliza, kwani kwao kaka mkubwa huitwa yaya.

"Shemeki ni mwanaume. Atasafiri, atatafuta pahali. Bintu bikitulia atarudia."

 Baba alikuwa anatazama reli.

"Hata yeye anajua niko na haki," mjomba aliendelea. "Hawa batoto ni bangu. Bakifia hapa, nani ataniuliza? Si mimi?"

Nkambo ndiye aliyejibu. Alikuwa amelala kwenye mkeka, amekonda, na tulidhani amesinzia. Alimwita baba kwa heshima: "Tata, uko na haki. Chukua batoto."

Mama aligeuka kwa hasira niliyokuwa sijawahi kuiona. "Mama, nyamaza." Hakuwahi kumwambia Nkambo hivyo. Halafu akamwambia kaka yake, polepole, kwa lugha yao, ambayo baba alikuwa akiisikia kidogo tu na mimi niliisikia yote: kwamba wakati kijiji chao kilipong'olewa, yeye alikuwa mdogo na hakuna aliyemuuliza anataka kwenda wapi, aliwekewa kinu kichwani akaambiwa atembee. Safari hii ataulizwa. Na jibu lake ni kwamba watu wake hawagawanyiki.

 Mjomba alifungua kamba ya baiskeli, akatuachia unga wa muhogo na samaki wakavu, akaondoka bila kuaga. Nilidhani hatutamwona tena.

Nkambo alikufa siku chache baadaye, mchana, wakati mama ameenda kuchota maji. Nilikuwa nampepea kwa kipande cha boksi. Aliniomba nimgeuze upande, nikamgeuza, akasema vizuri, na baada ya hapo hakusema tena. Niliendelea kumpepea mpaka mama aliporudi akanishika mkono.

Makaburi ya kambi, alikolala babu, yalikuwa ng'ambo ya mji, na njia zote zilikuwa na vizuizi vya vijana. Waliokufa stesheni walikuwa wanazikwa haraka nyuma ya reli, wawili au watatu pamoja. Baba alisema mama yake hatazikwa hivyo, kisha akakaa, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kumzika. Kulikuwa na mtu wa upande wa mama aliyekuwa akiuza kuni pale stesheni. Mama alimtuma kwa mjomba.

Mjomba alifika asubuhi iliyofuata akisukuma mkokoteni, ule tunaouita pusupusu. Hakuleta habari ya ugomvi. Alivua kofia, akamwambia baba, "Shemeki, nipatie mama."

Baba alitaka kuja. Mjomba alikataa. "Bakikuona, tutazika babili."

Kwa hiyo tulikwenda sisi: mjomba akisukuma, mama na mimi nyuma, mdogo wangu akibaki na baba. Nkambo tulimfunga kwenye mkeka na kitenge chake cha kanisani. Mama aliniambia nisilie njiani, kwa sababu nilikuwa nimejifunza kulia kutoka kwa Nkambo, na maneno ya kilio changu yalikuwa ya Kasai.

Kwenye kizuizi cha barabara ya mtoni walitusimamisha. Kijana mmoja aligusa mkeka kwa fimbo.

"Ni nani huyu?"

"Mama yangu," mjomba alisema.

"Mama yako?"

"Umesikia."

"Munatoka naye wapi?"

"Ku lopitali. Funua, kama unataka kuona mama ya mutu mwenye alikufa. Mi shitafunua."

Alisema maneno ya mwisho kwa lugha ya kwao, ya bondeni, na kwa sauti ya mjomba anayesema na mtoto wa dada yake. Kijana alirudisha fimbo. Mwenzake aliondoa gogo. Tulipita. Nilimwona mjomba mgongo wake wote umelowa jasho, na ilikuwa bado asubuhi yenye baridi.

Kijiji cha wajomba kiko mahali ambapo bonde linapinda, vilima viwili vimelikumbatia na mto uko chini. Wanaume walikuwa wameshachimba. Walimchimbia katika safu ya watu wao wenyewe, karibu na bibi yake mama, na hakuna aliyeuliza swali. Tulipofika ukingoni mwa kaburi, mama aliachia kilio. Akalia kwa Kiluba cha Kasai, kile alichokisikia kwa Nkambo kwa miaka yote ile ya matuta, akimtaja kwa sifa za ukoo wake, mto wake, na kijiji chake ambacho mama alikuwa hajawahi kukiona. Wanawake wa pale hawakujua maneno. Waliitikia kwa sauti tu, wakifuata anapopanda na anaposhuka. Mimi nilijiunga nao.

Tuliporudi stesheni baba aliuliza jambo moja. "Mulimulaza kichwa wapi?"

"Ku mto, ku Musonoi," mama alisema.

Aliinamisha kichwa. 

Treni ilikuja. Ilikuwa ya mabehewa ya mizigo, na watu walipanda mpaka juu ya mapaa. Tulipanda sote. Kwenye stesheni ya Tenke tulisimama kutwa nzima; wanawake wa pale walileta maji kwenye beseni, wengine wakiuza, wengine wakitoa bure, na mmoja alimwosha uso mdogo wangu. Kutoka hapo reli inageukia kaskazini. Vilima vilibaki nyuma, nchi ikatandazika, na joto likaongezeka. Kuna waliokufa njiani. Sitayasimulia hayo, wengine wameyaona zaidi yangu.

Kasai walituita Bakatanga, yaani watu wa kule tulikotoka. Lugha ya baba iliwachekesha. Alisema Kiluba cha baba yake, cha watu walioondoka zamani, kilichotiwa Kiswahili ndani. Watoto walimwiga. Alipewa kipande cha shamba na ndugu waliokuwa hawamjui, akajifunza kulima akiwa mtu mzima, mama akimwonyesha. Alikuwa na tabia ya kusimama mvua ikinyesha, akitazama maji yanavyojaa kwenye mtaro. Alikufa huko baada ya miaka kadhaa, kwa homa, na tumemwacha huko. Sijui kama aliwahi kuiita ile nchi kwao. Sikumsikia.

Mama, mdogo wangu nami tulirudi baadaye, vita vilivyoikumba nchi miaka ile vilipotulia na treni zikaanza kutembea tena. Shimo la baba lilikuwa limejaa. Watoto waliogelea pembeni, na wanaume walitupa nyavu humo ingawa kila mtu alisema samaki wake hawafai. Katika nyumba yetu ya kambini waliishi watu wengine, nao walitukaribisha tukanywa maji. Dembo lilikuwa limechimbwachimbwa na watu wenye nyundo na magunia, wakitafuta mawe meusi ya kobalti yanayonunuliwa siku hizi. Mama hakukaa kutazama. Tulikwenda moja kwa moja kwa mjomba. Nilipata kazi ya ualimu mjini, mama na mdogo wangu wakabaki bondeni.

Miaka ikapita, na watu wengine wakaja na mashine nyingine. Walipima vilima vile viwili. Kisha wakasema kijiji kihame, na makaburi pia yahamishwe. Mahali papya palikuwa uwanda mkavu upande wa barabara ya Kasaji, mbali na mto. Mjomba alikuwa mzee sana wakati huo. Alihudhuria mikutano yote, akasema maneno yote ambayo baba yake aliyasema zamani, na matokeo yakawa yaleyale.

Siku ya kufukua, msimamizi wao alikuwa anapita kaburi kwa kaburi akiuliza ni la nani, ili mwenye mtu wake asimame pale. Walipofika kwa Nkambo, aliuliza, na nilifungua mdomo kueleza. Ilikuwa habari ndefu: Kasai, treni, kambi, stesheni. Mjomba alinitangulia.

"Ni mama yangu," alisema. Akasogea akasimama pale, kwa fimbo yake, mpaka walipomaliza.

Nkambo alibaki na vitu vidogo sana: mifupa, na uzi wa kitenge. Tulimbeba kwenye gari pamoja na wengine wa safu yake, tukawapanga kule juu kwa mpangilio uleule. Hapakuwa na mto wa kuelekezea kichwa. Mama aliangalia huku na huku, kisha akaonyesha upande ambako bonde lilikuwa, wakawaelekeza wote huko.

Baadaye, watu wakiwa wanakula, mjomba alinishika mkono akanipeleka mahali vigingi vya viwanja vya ukoo, katika kijiji kipya, vilipokuwa vimepigwa. Upepo ulikuwa mwingi, na hapakuwa na mti.

"Yako ni gani?" aliniuliza.

"Mujomba, mi niko na nyumba mu Kolwezi."

"Shikuulize juu ya nyumba. Nakuuliza kiwanja chako."

Nilitembea katikati ya vile vigingi na viatu vyangu vya mjini, nikasimama karibu na cha mama. Mjomba alikuja, akapima hatua kwa miguu yake ya kizee, akasema nisogee kidogo, hapo pana mwamba. Nilisogea.